Mwiko wa Nyama na Heshima ya Maharage

Neno "mwiko" katika Kiswahili lina maana mbili, na hapana shaka kila mwalimu amewahi kuulizwa habari zake darasani. Mwiko ni kijiko kikubwa cha mti cha kusongea ugali. Na mwiko ni jambo ambalo mtu amekatazwa, au amejikataza mwenyewe, kulitenda. Ama hiyo maana ya pili, ina tawi lake ambalo vijana wengi hawalijui tena. Kushika mwiko ni kufuata masharti ya chakula aliyopewa mgonjwa na mganga wake: ale hiki, aache kile, mpaka apate nafuu. Basi waliotutangulia katika lugha hii walitambua zamani kwamba chakula chaweza kudhuru na kuponya, na kwamba kujinyima ni sehemu ya matibabu.

Siku hizi masharti hayo yamerudi kwa sura nyingine. Mtu mwenye shinikizo la damu, kisukari au jongo huambiwa na daktari apunguze nyama, azidishe maharage, mboga za majani na matunda. Wako pia wasiongoja kuambiwa, ambao huiacha nyama kabisa kwa hiari yao, wakitumaini kuishi na afya njema. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo yafaa tulitafakari sisi walimu. Je, kuacha nyama kwa ajili ya afya ni shauri la mwili tu, kama kumeza dawa, au ni jambo la maadili linalowahusu na watu wengine? Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba ni jambo la maadili, na kwamba uzito wake hauko sana katika nyama inayoachwa, bali katika heshima tunayoipa, au tunayoinyima, sahani ya maharage.

Hebu kwanza tuitazame lugha yenyewe, kwa kuwa lugha huhifadhi mambo ambayo wasemaji wake hawayasemi waziwazi. Katika sehemu nyingi za bara, hasa Tanzania, "mboga" ni kitu chochote kinacholiwa pamoja na ugali au wali, hata kikiwa ni nyama au samaki. Ndiyo maana mtu akitaka kutaja mchicha au kisamvu hulazimika kuongeza neno na kusema "mboga za majani". Lipo tena neno "kitoweo", ambalo kwa wengi humaanisha nyama au samaki hasa. Mwenye kula ugali kwa majani matupu husema kwamba leo hana kitoweo, ingawa bakuli lake limejaa. Lipo na neno "uchu", yaani ile hamu kali ya kutaka kitu, nasi huisikia mara nyingi ikitajwa pamoja na nyama. Uchu wa nyama twaujua. Uchu wa kunde haujasikika sana. Kwa maneno haya machache lugha imekwisha kutoa hukumu kabla daktari hajafungua kinywa: nyama ndiyo chakula, na majani ni badala yake.

Hukumu hiyo imeenea katika mila zetu pia. Mgeni wa heshima huchinjiwa. Mahari, arusi, matanga na sikukuu hazikamiliki bila damu ya mnyama. Kwa hiyo mtu anayekataa nyama huonekana kana kwamba amekataa mkono ulionyoshwa. Mwenyeji huuliza kwa uchungu, "Tumekukosea nini?" Wapo wagonjwa wengi waliokula kinyume cha masharti ya daktari kwa kuchelea swali hilo tu. Yafaa tusiwacheke. Waliona kwamba adabu ni deni linalodaiwa leo, na afya ni deni la kesho.

Lakini je, ni kweli kwamba mila zetu hazijui kukataa chakula kwa adabu? La hasha. Tuchukue mfano wa Buganda. Kila ukoo una muziro wake, yaani mnyama au kitu ambacho wana ukoo hawakili. Mtu wa ukoo wa Mbogo hali nyama ya nyati. Wa Ngabi hali pongo. Wa Nsenene hali panzi wale wanaopendwa mno na majirani zake. Na wa Mpindi hali kunde. Mwenyeji akisikia kwamba mgeni ana muziro, haoni kuwa ametukanwa. Humwandalia kitu kingine, na karamu huendelea. Basi kukataa chakula si ugeni kwetu, na wala si lazima kuwe ni dharau. Tofauti ni hii: muziro humwunganisha mtu na watu wake, nao wanaujua na kuuheshimu, bali mwiko wa afya humwacha mtu peke yake mezani, akiwa na sababu ambayo wenzake hawaioni. Ikiwa tunataka mwiko huo udumu, hatuna budi kuutafutia mahali pake miongoni mwa watu.

Kabla ya kufika huko, yafaa tujue kama sababu yenyewe ina nguvu. Hapa historia ya udaktari inatuleta nyumbani kwetu, maana mafundisho ambayo dunia inahubiriwa leo yalichipuka kwa sehemu kubwa nchini Uganda. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi Kenya na kisha Uganda kuanzia mwaka 1929 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika muda huo wote aliona Waafrika wachache mno wenye maradhi ya mishipa ya moyo, hata mwaka 1956 yeye na mwenzake wakachapisha taarifa ya mgonjwa mmoja tu kuwa ni jambo la nadra. Mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifika Uganda mwaka 1946, naye akajulikana kwanza kwa kueleza, mwaka 1958, saratani ya watoto ambayo sasa ina jina lake. Baadaye alishangazwa na jambo jingine. Saratani ya utumbo mpana, bawasiri na ugonjwa wa kidole tumbo, vilivyojaa katika hospitali za Uingereza, vilikuwa haba sana vijijini kwetu. Mabwana hawa wawili walifikiri kwamba siri ilikuwa katika nyuzinyuzi za vyakula visivyokobolewa: nafaka nzima, maharage, viazi, ndizi na majani. Mwaka 1975 walihariri pamoja kitabu kuhusu jambo hilo, na mwaka 1979 Burkitt akatoa kitabu kingine kwa wasomaji wa kawaida, akiwaasa wasisahau nyuzinyuzi katika chakula chao.

Ni haki kusema kwamba hoja yao haikuwa ya kupinga nyama kwa jina, na kwamba si kila walichokisia kimethibitika kama walivyokisia. Hata hivyo uchunguzi wa miaka iliyofuata umeunga mkono kiini chake. Aidha, mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliitia nyama iliyosindikwa, kama soseji na nyama ya kopo, katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Nayo nyama nyekundu likaitia katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha. Lilikadiria kwamba kula gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Makundi hayo hupima nguvu ya ushahidi, wala hayapimi ukubwa wa hatari; mtu alaye nyama mara moja kwa juma asitishike kana kwamba amekula sumu.

Sasa tazama kinaya cha mambo. Wakati madaktari walipokuwa wakiandika sifa za chakula cha vijijini kwetu, sisi wenyewe tulikuwa tukikikimbia. Tulikikimbia kwa sababu kilikuwa kimebeba aibu, na aibu hiyo ina historia. Posho, kwa Kiswahili, ni riziki apewayo mtu ya kutumia siku hadi siku. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 walipewa posho. Vibarua wa mashamba na wa reli nao wakapewa posho, aghalabu unga wa mahindi na maharage. Nchini Uganda jina la mgawo huo lilibaki juu ya chakula chenyewe, na hadi leo posho ni ugali wa mahindi. Mtoto wa shule ya bweni hula posho na maharage karibu kila siku kwa miaka yake yote ya sekondari, na wengi huondoka wakiapa kwamba wakipata mshahara hawatayaonja tena. Kwao maharage si chakula. Ni kumbukumbu ya kutokuwa na hiari. Mshahara wa kwanza huenda kwenye mchomo wa kando ya barabara, na sahani yenye nyama huwa ni cheti cha kuhitimu umaskini.

Hapo ndipo fumbo la maadili linapodhihirika. Sahani moja ya maharage yaweza kuwekwa mbele ya watu wawili ikawa na maana mbili zinazopingana. Kwa ofisa aliyeshauriwa na daktari, ni hekima na nidhamu. Kwa kibarua jirani yake, ni kukosa. Wahenga walinena, mwenye njaa hana miiko. Maana yake ni kwamba mwiko ni mali ya mwenye uchaguzi. Mtu asiye na nyama hawezi kusifiwa kwa kuiacha, kama vile asiye na ulimi hasifiwi kwa kutunza siri.

Mshairi Abu al-Ala al-Maarri wa Syria, aliyeishi kati ya mwaka 973 na 1057, alikuwa kipofu, na kwa miaka mingi hakula nyama wala maziwa wala mayai, kwa kuwaonea wanyama huruma. Mwanachuoni mmoja wa zama zake alipomwandikia kumhoji, alitaja miongoni mwa sababu zake kwamba kipato chake kilikuwa kidogo. Jawabu hilo lapendeza kwa unyenyekevu wake. Halikutenganisha msimamo wa mwenye fikra na sufuria ya maskini. Liliviweka pamoja, wala hakuona haya.

Kwa upande mwingine, mtetezi wa maharage asisahau kilio cha watoto. Maradhi ya kwashiakoo, yaliyoelezwa na daktari Cicely Williams huko Ghana katika miaka ya 1930, yalijaa katika wodi za Uganda, na Trowell huyuhuyu aliyachunguza kwa miaka mingi. Aghalabu mtoto huachishwa ziwa akapewa ndizi au muhogo mtupu, na mwili wake ukavimba. Wataalamu wengi walidhani kwamba dawa ni protini ya wanyama, na mwaka 1968 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ya kuonya juu ya hatari ya upungufu wa protini duniani. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren aliandika katika jarida la The Lancet kwamba jambo hilo lilikuzwa kupita kiasi, na kwamba shida kubwa ya watoto wengi ni uhaba wa chakula kwa jumla. Lakini tayari mwaka 1965 katika hospitali ya Mulago kilikuwa kimeanzishwa kituo cha lishe kiitwacho Mwanamugimu, jina lililotokana na methali ya Kiganda yenye maana kwamba mtoto mwenye siha hutoka katika mbeleko. Huko akina mama walifundishwa kupika kitobero, yaani mchanganyiko: ndizi au viazi pamoja na maharage au karanga, na kidogo cha samaki, maziwa au yai pakipatikana. Chakula kile kilichodharauliwa, kikichanganywa kwa maarifa, kilimwinua mtoto.

Funzo lake ni mara mbili. Kwanza, mimea ina nguvu kuliko tulivyodhani. Gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya gramu 20 za protini, na upungufu wa mahindi hujazwa na maharage, na wa maharage hujazwa na mahindi. Pili, mwiko wa mtu mzima aliyeshiba usitwikwe mtoto mchanga wala mama mjamzito bila maarifa. Vitamini B12 haipatikani katika mimea ya kawaida. Anayeacha nyama, samaki, maziwa na mayai yote hana budi kuipata katika tembe au katika chakula kilichoongezwa vitamini hiyo. Madini ya chuma yaliyomo katika majani na maharage hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama, ingawa limau au chungwa husaidia, na chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia. Isitoshe, anayeacha nyama akaishi kwa chipsi, maandazi na soda ameacha nyama, lakini hajaifikia afya.

Tena yafaa tujiulize nani alikuwa akiila hiyo nyama hapo kwanza. Katika Buganda ya kale wanawake hawakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Katika nyumba nyingi za kandokando ya Ziwa Viktoria firigisi ilikuwa, na pengine bado ni, haki ya mwenye nyumba. Mama aliyehitaji damu alipewa mchuzi, na baba aliyehitaji kupungua alipewa paja. Basi mwanamume aliyeshauriwa na daktari kuacha nyama ana nafasi ya kutenda haki: fungu lake na liende kwa mjamzito na kwa mtoto. Akifanya hivyo, mwiko wake umekuwa tendo jema. Akiiacha nyama, kisha akamdai mkewe vyungu viwili kila jioni, chake na cha watoto, ametafuta afya yake kwa mgongo wa mwingine. Maharage huchukua saa nyingi motoni, na kuni na makaa havidondoki mbinguni. Kuyaloweka usiku kucha hupunguza muda huo, na hiyo ni kazi ambayo mkono wa mume waweza kuifanya pia.

Yuko atakayepinga, aseme: Mwili ni wangu, maradhi ni yangu, kwa nini mnalifanya jambo dogo kuwa la maadili? Gandhi aliwahi kulijibu swali linalofanana na hilo. Mwaka 1931, akihutubia wasiokula nyama mjini London, alisema kwamba wale walioiacha kwa ajili ya afya peke yake aghalabu walirudi nyuma, na kwamba mtu ahitaji msingi wa kimaadili ili adumu. Akawaonya pia dhidi ya tabia ya kuzungumza habari za chakula na maradhi tu. Sikubaliani naye kabisa ikiwa maana yake ni kwamba afya ni sababu duni. Mwili si mali ya mtu mmoja. Mwalimu akipooza, wanaobeba gharama ni mkewe, watoto wake, ndugu zake na darasa lake. Shamba huuzwa, na binti huacha masomo amwuguze. Kwa hiyo kujitunza ni kulipa deni kwa hao. Lakini nakubaliana naye katika hili: afya inayotazamwa kama hazina ya mtu binafsi humfanya mtu kuwa mchoyo na mwenye kiburi, na mwiko wa namna hiyo haudumu, kwa kuwa hauna wa kuushuhudia.

Ni nini basi cha kufanya? Sidhani kwamba twahitaji kuzifuta karamu zetu. Twahitaji kuhamisha heshima, na mila zenyewe zimekwisha kutuonyesha njia. Luwombo ni chakula cha wageni wakubwa katika Buganda: kitoweo hufungwa katika jani changa la mgomba lililobabuliwa motoni, kikapikwa kwa mvuke taratibu. Huwa cha kuku au cha ng'ombe, lakini kuna luwombo ya karanga zilizosagwa, pengine pamoja na uyoga. Jani ni lilelile, subira ni ileile, na magoti ya anayeandaa hupigwa vilevile. Hakuna anayefungua luwombo ya karanga akadai amedharauliwa. Yaani heshima ilikuwa katika kufunga, katika kungoja na katika kumkabidhi mgeni, wala haikukaa katika mnofu. Kadhalika kisamvu, ambacho Rwanda huitwa isombe na Kongo sombe, kikitwangwa na kupikwa kwa mawese, ni pishi la mikono hodari. Rwanda na Burundi zimo miongoni mwa nchi zinazokula maharage mengi zaidi duniani kwa kila mtu, na mataifa hayo hayana sababu ya kuliona jambo hilo kuwa ni aibu.

Sisi walimu tuna sehemu yetu, nayo iko mikononi mwetu kila siku. Tunapotunga sentensi za mazoezi, maskini hula maharage na tajiri hula nyama. Tunapotoa insha kuhusu karamu, twamsifu mwanafunzi aliyechinja fahali. Yafaa tuandike vingine. Mgeni wa sentensi zetu apewe kunde kwa heshima. Mfalme wa hadithi zetu apende mchicha. Wanafunzi wafundishwe kwamba kitoweo ni chochote kinachotowelewa, maana neno lenyewe latokana na kitenzi "kutowea", ambacho hakitaji mnyama. Na chakula cha shule, kikiwa ni maharage, kipikwe vizuri, kwa kitunguu na nyanya na chumvi ya kiasi, ili mtoto asijifunze kuyachukia yale yatakayomfaa akiwa mzee.

Kwa ufupi, kuacha nyama kwa ajili ya afya ni jambo jema ikiwa kunamwacha mtu karibu zaidi na jirani yake anayekula maharage kwa kukosa. Ofisa na kibarua wakila chakula kimoja, mmoja kwa hiari na mwingine kwa lazima, huyo mwenye hiari ana wajibu wa kukila bila majivuno, na wa kutetea siku ambayo mwenzake naye atakuwa na uchaguzi. Hapo mwiko hautakuwa ukuta kati yao. Na yeyote anayeshika mwiko, basi na aushike na ule mwiko mwingine wa kusongea, ajue uzito wa chungu anachoagiza kipikwe.